Dawa Kali na Utando wa Kinywa

Mtu afikaye Malindi hakosi kuonyeshwa nguzo iliyosimama juu ya mwamba, ukingoni mwa bahari, ambayo huitwa nguzo ya Vasco da Gama. Hapana shaka, msomaji, umekwisha kusoma habari za baharia huyo Mreno: jinsi alivyotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, na jinsi alivyopewa rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Lakini habari za kurudi kwake hazisomwi sana, nazo ndizo nitakazo kuanza nazo. Alirudi Malindi tarehe 7 Januari 1499, baada ya kukaa baharini karibu miezi mitatu, na watu wake walikuwa katika hali ya kusikitisha. Ufizi ulikuwa umewavimba hata ukayafunika meno, wasiweze kula. Wengi walikuwa wamekwisha kufa na kutupwa baharini. Merikebu zilipotia nanga, jemadari alimtuma mtu pwani akalete machungwa kwa ajili ya wagonjwa, maana ndiyo waliyoyatamani sana. Machungwa yaliletwa siku ya pili, pamoja na matunda mengine. Lakini kwa wengi msaada ulikuwa umechelewa, wakafa na kuzikwa papo hapo.

Mabaharia wale waliiona dalili vinywani mwao, wala hawakujua asili yake. Zilipita zaidi ya karne nne kabla wataalamu hawajaitambua vitamini iliyo ndani ya chungwa. Katika karne hizo zote kinywa kilikuwa kikisema, na hapakuwa na mtu wa kukisikia. Leo nataka kukusimulia habari ya ugonjwa mwingine wa kinywa, ulio mdogo kuliko ule wa mabaharia, lakini wenye mafunzo makubwa. Ni ugonjwa unaoweza kuzuka baada ya mtu kunywa dawa nzuri iliyomponya maradhi mengine.

Tuseme mama mmoja wa Ganze, au wa Mambrui, au wa Takaungu, ana mtoto wa miezi minane. Mtoto anashikwa na kichomi. Anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani kila avutapo pumzi. Mama anambeba mpaka hospitali. Mganga anampa dawa kali ya kuua vijidudu, na baada ya siku chache mtoto anacheka, anatambaa, anaponyoka mikononi. Nyumba nzima inafurahi. Kisha asubuhi moja mama anatazama ndani ya kinywa cha mtoto na kuona madoa meupe juu ya ulimi na kwenye mashavu kwa ndani, mfano wa maziwa yaliyoganda. Anayafuta kwa kitambaa, hayatoki upesi. Na yakitoka, nyama iliyo chini ni nyekundu, pengine inatoa damu kidogo. Mtoto analia anapotiwa titi. Mama anajiuliza: Je, dawa iliyomponya mwanangu ndiyo iliyomletea ugonjwa huu? Na kama ndiyo, je, siku nyingine niikatae?

Hilo ni swali la haki, na jawabu lake si fupi. Ili tulijibu vema yatupasa kujua mambo matatu: utando ule mweupe ni kitu gani, dawa ile inafanya kazi gani, na jinsi wanadamu walivyopata dawa ya madhara yaliyoletwa na dawa.

Utando wenyewe si ugonjwa mpya. Hippocrates, tabibu wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anatajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuandika. Lakini kwa muda mrefu watu walidhani kwamba ni uchafu wa mwili wenyewe, au maziwa yaliyoharibika kinywani. Mwaka wa 1839 tabibu Mjerumani, Bernhard von Langenbeck, aliona kuvu katika koo la mgonjwa aliyekuwa amekufa kwa homa kali. Miaka miwili baadaye, katika mji wa Stockholm, Fredrik Berg alionyesha kwamba utando wa vinywa vya watoto wachanga ni kuvu iliyo hai. Mwaka wa 1923 mwanamke wa Uholanzi, Christine Berkhout, aliipa jamii hiyo ya kuvu jina litumiwalo hata leo: Candida, neno litokanalo na lugha ya Kilatini, lenye maana ya weupe ung'aao. Jina lenyewe lina historia yake. Warumi wa kale walioomba vyeo walivaa nguo nyeupe za namna hiyo mbele ya watu, na ndiyo sababu Waingereza hata sasa humwita mgombea uchaguzi kwa neno la asili hiyo hiyo.

Kuvu hii si mgeni kabisa kwako. Ni jamaa wa hamira. Hamira ndiyo inayoumua unga wa mahamri usiku, na hamira za mwituni ndizo zinazolichachusha tembo la mnazi mara ligemwapo. Candida ni wa ukoo huo, ila yeye amechagua kukaa katika miili ya watu. Amekaa katika vinywa na matumbo ya watu wengi wenye afya njema, labda hata katika kinywa chako wewe usomaye maneno haya, wala hana neno nawe. Anakaa kimya kwa sababu hana nafasi. Kinywa chako kimejaa jamii nyingi za vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo vimeshika mahali pote na kula chakula chote. Mate yanakiosha kila saa, na askari wa damu wanalinda mlango. Kuvu inabaki kuwa maskini wa mji: ipo, lakini haina kiti barazani.

Sasa tuitazame dawa. Mwezi wa Septemba 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming aliona kwamba ukungu ulioingia kwa bahati katika kisahani chake umewaua bakteria waliokuwa karibu nao. Aliita kitu kile penisilini. Hakuweza kukitenga kikawa dawa, na jambo hilo likalala kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka Howard Florey na Ernst Chain na wenzao walipolishika tena huko Oxford. Tarehe 12 Februari 1941 walimdunga askari polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa karibu kufa kwa vidonda vilivyooza. Akaanza kupona kwa ajabu. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno, hata wataalamu wakawa wanaichuja katika mkojo wake ili wamdunge tena. Ikaisha kabla hajapona, naye akafa mwezi wa Machi. Upungufu ule ndio uliowafanya wataalamu watafute njia ya kuifanya dawa kwa wingi, na kabla ya vita kuu ya pili kwisha penisilini ilikuwa inaokoa maelfu ya watu. Mwaka wa 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa tuzo ya Nobel.

Dawa za namna hii huitwa viuavijasumu, nazo zimefanya makubwa katika nchi zetu za joto. Wazee waliweza kusimulia habari za buba, ugonjwa uliokula ngozi na mifupa ya watoto. Tangu 1952 mpaka 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliupiga vita ugonjwa huo katika nchi 46 kwa sindano za penisilini, na mara nyingi sindano moja ilitosha. Mtu asiyeujua ulimwengu uliokuwapo kabla ya dawa hizi hawezi kuzishukuru ipasavyo. Kichomi, homa ya uti wa mgongo, homa ya uzazi, hata mwiba wa mguuni, vilikuwa milango ya kaburi.

Lakini penisilini ya kwanza iliua jamii chache tu za bakteria. Mwishoni mwa miaka ya 1940 zikatokea dawa nyingine, kama vile za jamii ya tetrasaiklini, ambazo ziliua bakteria wa aina nyingi kwa mara moja. Watu walifurahi, maana mganga aliweza kutibu bila kungoja kumjua adui kwa jina. Ndipo jambo lile la ajabu lilipoanza kuonekana mara nyingi mahospitalini: wagonjwa waliopona maradhi yao walipatwa na utando mweupe kinywani, na wengine matumboni na sehemu za siri.

Sababu yake utaielewa mara moja ikiwa umepata kulima. Mkulima wa Kilifi hupanda mahindi na kunde pamoja. Kunde hutambaa, zikafunika ardhi, na magugu yakakosa jua. Sasa mtu akiingia na panga akafyeka kila kitu ili aue mmea mmoja mbaya, ameua na kunde pia. Mvua ya kwanza ikinyesha, magugu ndiyo yatakayotangulia kuota, kwa maana nchi ni tupu na mlinzi hayupo. Dawa kali inayoua bakteria wa kichomi haiwezi kuchagua. Inaua hata bakteria wema wa kinywani. Kuvu haidhuriki na dawa hiyo, kwa kuwa mwili wake umejengwa kwa namna nyingine kabisa. Basi inaamka, inakuta chakula kipo na mahali ni wazi, nayo inazaa na kutanda. Dawa haikumpa mtoto kuvu. Kuvu ilikuwapo, dawa imeiondolea majirani walioizuia.

Haya yalikuwa mashaka mapya kwa waganga, kwa sababu hawakuwa na silaha njema juu ya kuvu. Kwa utando wa kinywani walipaka dawa ya maji yenye rangi ya zambarau, ambayo mama zetu wengi wanaikumbuka kwa jinsi ilivyotia doa midomo ya watoto na kanga za waliowabeba. Iliwafaa wengi, lakini katika miaka ya karibuni usalama wake umetiwa shaka, na mwaka wa 2019 serikali ya Kanada iliwaonya watu wake wasiitumie, kwa kuhofia kuwa yaweza kuleta saratani. Ilihitajiwa dawa iuayo kuvu bila kumdhuru mtu, na dawa hiyo ni ngumu kupatikana. Bakteria yuko mbali sana na sisi katika ukoo wa viumbe, kwa hiyo ni rahisi kupata sumu imdhuruyo yeye peke yake. Kuvu iko karibu nasi zaidi kwa jinsi chembe zake zilivyojengwa, na sumu iiuayo mara nyingi humwua na mgonjwa.

Walioitatua shida hii walikuwa wanawake wawili wa Marekani, wote wawili watumishi wa idara ya afya ya jimbo la New York. Elizabeth Hazen alizaliwa mwaka wa 1885 katika jimbo la Mississippi. Wazazi wake walikufa angali mtoto mdogo, akalelewa na jamaa. Alikuwa mtaalamu wa vijidudu, na kazi yake ilikuwa katika mji wa New York. Rachel Brown, aliyezaliwa mwaka wa 1898, alikuwa mtaalamu wa kemia, na kazi yake ilikuwa Albany, mji mkuu wa jimbo hilo, mwendo wa kilomita zaidi ya 200. Hawakuwa na jengo moja la kufanyia kazi. Kilichowaunganisha kilikuwa posta.

Kazi yao iliendelea hivi. Bibi Hazen alijua kwamba udongo umejaa viumbe vidogo vinavyopigana siku zote, kila kimoja kikijitengenezea sumu ya kumfukuza jirani. Akakusanya udongo wa mahali pengi, akaotesha viumbe vilivyomo, akavijaribu juu ya kuvu mbili za hatari, mojawapo ikiwa Candida. Alipoona kiumbe kilichoishinda kuvu, alikitia katika chupa na kumpelekea Bibi Brown kwa posta. Bibi Brown alikamua na kuchuja mpaka akaipata ile dawa yenyewe iliyofichika ndani, akairudisha New York kwa posta vile vile. Bibi Hazen aliijaribu tena juu ya kuvu, kisha juu ya panya. Mara kwa mara walikata tamaa, kwa kuwa kilichoua kuvu kiliua na panya. Walirudia tena na tena, udongo baada ya udongo.

Mwisho wake, mwaka wa 1948, jibu lilitoka mahali pasipotazamiwa. Bibi Hazen alikuwa amechukua udongo kidogo katika shamba la ng'ombe wa maziwa la rafiki zake, jamaa ya Nourse, katika jimbo la Virginia. Ndani ya udongo huo kilikuwamo kiumbe ambacho sumu yake iliua kuvu na kuwaacha panya wazima. Wakakipa kiumbe hicho jina la Streptomyces noursei, kwa heshima ya wenye shamba. Habari zilitangazwa mwaka wa 1950, na dawa ikaitwa nistatini, jina lililoundwa kwa maneno ya jimbo la New York. Mwaka wa 1954 ilianza kuuzwa, na hivyo ikawa ya kwanza katika viuavijasumu vya kuua kuvu vilivyofaa kutumiwa kwa watu.

Dawa hiyo iliingiza mali nyingi. Fedha zilizowahusu wagunduzi zilizidi dola milioni 13. Hazen na Brown hawakujichukulia fedha hizo. Walizitoa zote ziendeleze elimu na uchunguzi wa sayansi. Tena dawa yao ilifanya kazi ambayo wao wenyewe hawakuiwaza. Mwezi wa Novemba 1966 mafuriko yaliingia mji wa Florence katika Italia, na picha za kale zenye thamani kubwa zikaanza kuota kuvu kwa unyevu. Nistatini ilitumiwa kuziokoa. Bibi Hazen alikufa mwaka wa 1975 na Bibi Brown mwaka wa 1980, wakiwa wamefanya kazi ambayo kila mama mwenye mtoto wa kinywa cheupe ana haki ya kuwashukuru.

Sasa tuangalie jinsi dawa hii inavyofanya kazi, kwa sababu wengi huitumia vibaya, kisha husema haifai. Nistatini hushika ngozi ya chembe ya kuvu na kuitoboa, hata yaliyomo ndani yakavuja na kuvu ikafa. Lakini dawa hii hainyonywi na tumbo kuingia katika damu. Huua pale inapogusa tu. Basi mtu aimezaye kwa haraka kama dawa ya homa amejinyima faida yake. Chupa itikiswe kwanza. Dawa izungushwe kinywani na kukaa humo kadiri inavyowezekana. Kisha mgonjwa asile wala asinywe kwa muda wa kama nusu saa. Mtoto mchanga hutiwa nusu upande huu wa shavu na nusu upande ule. Kwa kawaida hutumiwa mara nne kwa siku, kwa muda wa wiki moja au mbili, wala haiachwi siku ile utando utowekapo. Huendelezwa siku mbili zaidi, ili mabaki yasije yakaota upya. Mtoto anyonyaye, mama yake huangaliwa pia, kwa maana kuvu yaweza kukaa kwenye chuchu na kurudi kinywani kila anyonyapo. Ziko dawa nyingine siku hizi, kama flukonazoli, ambayo humezwa na kuingia katika damu. Hiyo hutolewa na mganga kwa ugonjwa ulio mkubwa zaidi au uliokaidi.

Mtu mwenye akili huenda akasema: Maadamu dawa ya kuvu ipo, kwa nini kila anywaye kiuavijasumu asipewe na nistatini pamoja? Wazo hilo si geni. Katika miaka ya 1950 watengenezaji walichanganya tetrasaiklini na nistatini katika kidonge kimoja, wakakiuza kwa wingi. Baadaye wachunguzi waliona kwamba faida ya mchanganyiko huo kwa kila mgonjwa haikuthibitika. Wengi wanywao viuavijasumu hawapatwi na utando, na wengi wapatwao huponyeka kwa urahisi. Kumpa kila mtu dawa mbili ili kumkinga mmoja ni kuzidisha gharama na mzigo. Iko njia bora zaidi ya kujikinga, nayo imeonekana vizuri hapa hapa katika pwani yetu.

Tangu mwaka wa 1989 kumekuwako Kilifi kituo cha utafiti wa afya, kiendeshwacho na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza, ubavuni mwa hospitali ya Kilifi. Mwaka wa 2005 wachunguzi wa huko walitangaza matokeo ya kazi ya miaka minne: walikuwa wamepima damu za watoto waliolazwa hospitalini, wakaona kwamba zaidi ya robo ya watoto waliokufa humo walikuwa na bakteria katika damu. Hii ni hoja kubwa, msomaji. Inatujulisha kwamba kwa mtoto aliye mahututi kiuavijasumu si anasa, na kwamba mama anayekikataa kwa kuogopa utando wa kinywani anakimbia mvua na kujitosa baharini.

Lakini kituo hicho kimetufundisha na upande wa pili. Watoto waliodhoofika sana kwa utapiamlo hufa wengi hata baada ya kutoka hospitalini, na ilidhaniwa kwamba wakipewa kiuavijasumu kila siku watasalimika. Watoto 1,778 wa Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi waliandikishwa katika jaribio. Wengine walipewa dawa hiyo kila siku kwa miezi sita, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2016: vifo havikupungua. Dawa iliyo mkombozi kwa mtoto mwenye kichomi haikuwafaa watoto hawa ilipotolewa kama kinga ya kila siku. Dawa ina mahali pake, na nje ya mahali pake haina nguvu.

Kinga iliyofaa ilitoka kwingine. Mwezi wa Novemba 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria mmoja aletaye kichomi na homa ya uti wa mgongo, na wachunguzi wa Kilifi waliona kwamba katika miaka mitatu ugonjwa wa bakteria huyo kwa watoto walio chini ya miaka mitano ulipungua kwa asilimia 88. Mwaka wa 2011 ilianza chanjo ya bakteria mwingine, aitwaye nyumokoka, na huko Kilifi ugonjwa mkali uletwao na aina zilizomo katika chanjo hiyo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huo. Fikiri maana yake. Mtoto asiyeugua kichomi hahitaji dawa kali. Asiyepewa dawa kali hapotezi bakteria wema wa kinywa chake. Sindano ndogo ya kliniki inaweza kuwa kinga ya utando wa kinywani, ijapokuwa hakuna aliyeikusudia kwa kazi hiyo.

Kinga nyingine zi mikononi mwetu. Ya kwanza ni kutokunywa kiuavijasumu pasipo haja. Mafua hayaponi kwa dawa hizi, kwa sababu asili yake ni virusi. Wala malaria haina dawa katika kopo la vidonge vya rangi mbili. Mtu anunuaye vidonge vinne dukani kwa kuwa ana kikohozi, akameza viwili na kumwekea jirani viwili, amefanya mabaya matatu kwa wakati mmoja: hakujitibu, amewaua walinzi wake, na amewafundisha bakteria wabaya kuizoea dawa. Fleming mwenyewe alionya juu ya jambo hilo la mwisho katika hotuba yake ya tuzo mwaka wa 1945, wakati penisilini ilipokuwa bado mpya. Ya pili ni kumaliza dawa kama ulivyoagizwa pale ambapo haja ipo. Ukiona utando umetokea katikati ya matibabu, usiiache dawa kwa shauri lako. Rudi kwa mganga umwambie.

Ya tatu ni usafi wa kinywa. Wazee wetu wa pwani walisafisha meno kwa mti wa mswaki kabla ya madukani kuja burashi, na desturi hiyo ilikuwa njema. Anayevaa meno ya bandia ayavue usiku na kuyasafisha. Mwenye pumu avutaye dawa ya kupuliza asukutue kinywa kwa maji kila baada ya kuvuta, maana nyingine katika dawa hizo huwafungulia kuvu mlango. Chupa za maziwa ya mtoto zioshwe na kuchemshwa. Wengine husifu maziwa ya mgando kuwa yanarudisha bakteria wema. Ni chakula kizuri, lakini usiyafanye badala ya dawa.

Neno moja halifai kusahauliwa. Kinywa kikitanda mara moja baada ya dawa kali, kikapona, hapana la kuogopa. Lakini mtu mzima ambaye kinywa chake kinatanda mara kwa mara, pasipo sababu iliyo wazi, kinywa hicho kinasema jambo. Pengine ni kisukari. Pengine ni virusi vya UKIMWI, ambavyo hudhoofisha askari wa damu niliowataja. Mtu huyo asifichwe wala asichekwe. Na aende akapimwe, kwa kuwa maradhi yote mawili yana matibabu, na mwenye kujua mapema huishi maisha marefu.

Sasa turudi kwa mama yetu na swali lake. Je, dawa iliyomponya mwanawe ndiyo iliyomletea ugonjwa? Tumwambie kweli: ndiyo, kwa njia hiyo tuliyoieleza, dawa ilifungua mlango. Je, siku nyingine aikatae? La. Kichomi kingemwua mtoto. Utando utamliza siku chache, na dawa yake ipo hospitalini. Lakini mama huyo amechagua vema kuuliza, na mtoto wake akipata chanjo zake zote, na nyumba yake ikiacha kununua vidonge kwa kila kikohozi, huenda swali hilo asiliulize tena.

Mabaharia wa mwaka wa 1499 waliteseka kwa vinywa vyao katika bandari ya Malindi, wakatafuta machungwa bila kujua kwa nini yanafaa. Sisi tumepewa kujua. Elimu hiyo ilikuja polepole, kwa watu waliotazama kisahani kilichoota ukungu wasikitupe, na kwa wanawake wawili waliotumiana chupa za udongo kwa posta. Usiipokee kama habari ya mtihani tu, mwanafunzi. Siku utakapoletewa kidonge ambacho hukukihitaji, au utakapomwona mdogo wako analia na kinywa cheupe, ndipo itakapojulikana kama umeisoma.